Kiungo Kilicholegea

Motokaa inapokataa kuwaka asubuhi, mwenyewe hapungukiwi na washauri. Hutokea wapita njia wasiomjua wala asiowajua, wakaizunguka kama watu wazungukavyo kitanda cha mgonjwa, na kila mmoja akawa na dawa yake. Huyu husema betri imekufa. Yule husema ni stata. Wa tatu, ambaye aghalabu hajapata kushika usukani, husema mafuta yametiwa maji. Kisha husikika ile sauti inayokata shauri katika mabaraza yote ya namna hiyo: "Tusukume!" Motokaa husukumwa, ikawaka, ikaenda zake, na kesho yake asubuhi hukataa tena pale pale. Katika baraza hilo ni mara chache nimemsikia mtu akiuliza swali lililo dogo kuliko yote: je, nyaya zimeshika?

Swali hilo ndilo ninalotaka kuliandikia kurasa hizi. Mimi si fundi wa motokaa. Ni mwalimu wa sayansi katika chuo cha ualimu. Walakini mwalimu aishiye katika nyanda za juu hujifunza habari za motokaa, apende asipende. Nyahururu ni mji uliojengwa yapata mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vingine vya Nyandarua viko juu kuliko hapo. Huko baridi ya alfajiri hufanya mambo mawili kwa pamoja. Huyafanya mafuta ya injini kuwa mazito, hata stata ikahitaji nguvu nyingi zaidi ili kuizungusha injini. Na papo hapo huipunguza nguvu ambayo betri yaweza kuitoa. Mdai huongeza dai lake saa ile ile ambayo mdaiwa amefilisika. Ikiwa kati yao yuko mjumbe mlegevu, ndipo ulegevu wake utakapojulikana. Mombasa kiungo kibovu chaweza kujificha muda mrefu kwa sababu ya joto, ingawa hewa ya chumvi ya baharini hukila usiku na mchana. Kwetu sisi hujitangaza mapema, na hujitangaza saa kumi na moja alfajiri.

Kwanza yafaa tukumbuke ya kuwa umeme husafiri kwa mzunguko. Maji ya mfereji hutoka mtoni yakamwagwa shambani, na mto haudai yarudishwe. Umeme si hivyo. Ukitoka katika betri kwa nguzo moja hauna budi kurudi kwa nguzo ya pili, na usipopata njia ya kurudi hautoki kabisa. Katika motokaa umeme wa stata hutoka katika nguzo chanya ya betri, ukapita katika kibano kinachoishika nguzo ile, ukaufuata waya mnene hadi kwenye solenoidi, yaani swichi kubwa inayoamrishwa na ufunguo, ukaingia ndani ya stata ukaizungusha. Hapo watu wengi hukoma, kana kwamba kazi ikiisha umeme nao umekwisha. Kumbe safari imefika nusu. Kutoka katika stata umeme hupita katika chuma cha injini. Kutoka katika injini huvuka kwa utepe wa nyuzi za shaba uliofungwa kwa bolti, ambao mafundi huuita waya wa ethi. Huingia katika bodi ya gari, na kutoka katika bodi hurudi kwa waya mwingine mnene hadi nguzo hasi. Utepe ule una sababu yake: injini imekalishwa juu ya mipira ili mtikisiko wake usiwasumbue abiria, na mpira haupitishi umeme.

Magari hayafanani. Katika mengine waya wa betri huenda moja kwa moja hadi kwenye injini, na utepe ndio uendao kwenye bodi. Tena magari mengi ya Kiingereza yaliyotengenezwa kabla ya katikati ya miaka ya 1960 yalifungwa kinyume, nguzo chanya ikiwa ndiyo iliyoshikanishwa na bodi. Ukimkuta mzee anayelitunza moja la namna hiyo, soma alama zilizo juu ya betri kabla hujashika spana. Lakini mzunguko ni mzunguko katika yote. Mwanafunzi apendaye kuhakikisha na afungue boneti ahesabu mwenyewe kila mahali ambapo chuma hukutana na chuma katika safari ile: nguzo na kibano, kibano na waya, waya na stata, stata na injini, injini na utepe, utepe na bodi, na kadhalika mpaka nguzo ya pili. Mimi sijapata kuhesabu pungufu ya viungo vinane. Kila kimoja hutikiswa na barabara yenye mawimbi, huingiwa na vumbi wakati wa kiangazi na maji wakati wa masika. Waya wenyewe ni nadra kukatika katikati. Ubovu hukaa viungoni, kama ugonjwa wa wazee.

Sasa twende kwa jambo linalowadanganya watu wengi, nalo ni taa. Mwenye gari huwasha taa, akaziona zinang'aa, akasema: "Umeme upo, kwa hiyo nyaya ni nzima." Maneno hayo yana sura ya hoja, lakini hayakupimwa kwa hesabu. Hesabu yake ilipatikana zamani. Mwaka 1827 Georg Simon Ohm, aliyekuwa amefundisha hisabati na fizikia katika shule moja ya mjini Cologne, Ujerumani, alitoa kitabu kilichoeleza uhusiano wa nguvu ya umeme, mkondo wake, na ukinzani wa njia unayopita. Kitabu hicho hakikupokewa kwa furaha katika nchi yake. Heshima ilimfikia kutoka mbali, Royal Society ya London ilipompa nishani ya Copley mwaka 1841. Sheria ya mwalimu huyo yatosha kuishtaki taa. Volti zinazopotea katika kiungo ni ampea zinazopita zikizidishwa kwa omu za ukinzani wake.

Tuseme kiungo kimelegea na kupata kutu, na ukinzani wake umekuwa omu 0.04, kiasi ambacho vipimo vingi vya bei nafuu haviwezi hata kukionyesha sawasawa. Taa mbili kubwa za mbele, za wati 55 kila moja, hutumia kadiri ya ampea 9 kwa pamoja. Zidisha: volti 0.36. Katika volti 12 upungufu huo hauonekani kwa macho. Taa zinang'aa, mwenyewe ameridhika. Lakini stata ya motokaa ndogo ya petroli yaweza kudai ampea 150. Zidisha tena: volti 6. Nusu ya nguvu yote ya betri ingebaki katika kiungo kile kimoja! Kwa kuwa haipati inachodai, mkondo wenyewe hupungua, stata ikazunguka kivivu au ikaguna tu na kunyamaza. Hata mkondo ukishuka ukawa ampea 100, kiungo kile hula wati 400 na kuzigeuza joto, mahali pasipozidi ukubwa wa ukucha. Ndiyo sababu kibano kibovu huwa cha moto mtu anapokigusa baada ya kujaribu kuwasha gari mara mbili tatu.

Huenda msomaji akauliza kwa nini stata iwe na uchu wa namna hiyo. Zamani injini iliamshwa kwa hendeli, na hendeli ikirudi nyuma kwa ghafula ilivunja mkono wa mtu. Charles Kettering, wa Dayton katika Ohio, Marekani, ndiye aliyefanikiwa kuiondoa adha hiyo kwa stata ya umeme mwaka 1911, na magari ya Cadillac ya mwaka 1912 yakauzwa nayo. Kabla ya hapo alikuwa ametengeneza mota ndogo ya kuendeshea mashine ya dukani ya kuhesabia fedha, akajua ya kuwa mota ndogo yaweza kubebeshwa mzigo mkubwa kupita kiasi chake, mradi iwe kwa kitambo kifupi kisha ipumzike. Stata za leo bado huishi kwa kanuni hiyo. Zinadai kingi kwa muda mfupi, wala hazikuumbwa zishikiliwe kwa ufunguo dakika nzima huku dereva akiomba Mungu.

Nitasimulia habari ya pikapu moja, kwa kuwa ndiyo iliyonifanya nione ya kuwa jambo hili si mchezo. Ilikuwa ya mzee mmoja mkulima, jirani ya chuo chetu. Kila alfajiri mzee huyo hubeba maziwa yake na ya majirani zake tisa mpaka kituo cha kupozea maziwa. Maziwa hayana subira. Yakichelewa hupimwa, na yakionekana yameanza kuchacha hurudishwa, na anayerudishiwa hupoteza jasho la ng'ombe na la mtu katika siku moja. Pikapu ilipoanza kukataa kuwaka, majirani walivumilia wiki ya kwanza. Wiki ya pili wawili wao walianza kumtafuta mchukuzi mwingine. Fundi mmoja aliitazama akasema betri imekwisha. Mzee akanunua mpya. Pikapu iliwaka siku nne tano, halafu ikarudia tabia yake. Fundi akasema betri ile ilikuwa ya bandia, inunuliwe nyingine ya bei ya juu. Nilipomkuta mzee alikuwa amesimama uani na mnunuzi wa mifugo, wakisemezana juu ya ndama jike wa miezi saba.

Nilimsalimu, akanieleza shida yake, nami nikamwomba anionyeshe kabla hajapokea fedha.

"Mwalimu," akasema, "unajua magari pia?"

"Najua umeme kidogo, mzee wangu. Washa taa, kisha ugeuze ufunguo, nami nitazitazama."

Akageuza. Stata iliguna mara moja ikanyamaza. Lakini taa hazikufifia hata chembe. Yule mnunuzi wa mifugo, aliyekuwa na haraka, akasema hiyo ni dalili kwamba umeme upo na stata ndiyo mbovu. Mimi niliona jambo jingine. Betri iliyochoka, ikidaiwa na stata, hufifisha taa, kwa maana haina cha kutosha wote wawili. Betri hii haikuonyesha kuchoka. Haikuwa inatoa kingi, kwa sababu njia ya stata ilizibwa mahali fulani. Na mahali penyewe hapakuwa katika njia ya taa. Nikamwuliza mzee kama amepata kuona moshi au kusikia harufu yoyote. Akafikiri kidogo, akasema ya kuwa juzi waya wa kuvutia mafuta, ule utokao kwenye pedali kwenda kwenye injini, ulitoa harufu ya plastiki kuungua, naye fundi akamwambia ni uzee wa gari.

Maneno hayo yalikuwa na thamani kuliko kipimo chochote nilichokuwa nacho. Waya ule haukuwekwa kupitisha umeme; kazi yake ni kuvuta tu. Lakini mwisho wake mmoja umeshika bodi na mwisho wa pili umeshika injini. Umeme wa stata, ulipokuta utepe wa ethi umeharibika, ulijitafutia daraja jingine la kurudi kwenye bodi, ukapita katika waya huo mwembamba na kuutia moto. Nilituma kijana kwa dereva wa chuo aazime jampa, yaani zile nyaya nene za kuazimia umeme kutoka gari hadi gari. Nikabana mwisho mmoja wa waya kwenye nguzo hasi ya betri, na mwisho wa pili kwenye bolti safi ya injini, mbali na feni na mikanda. Mzee akageuza ufunguo. Injini iliwaka kabla hajamaliza kuugeuza.

Hakusema neno. Alizima, akawasha tena, akazima, akawasha mara ya tatu, kama mtu asiyeamini kipokeo cha fedha mpaka akihesabu upya. Mnunuzi wa mifugo aliaga. Tulipoufungua ule utepe tulikuta nyuzi zake zaidi ya nusu zimekatika, zilizobaki zimegeuka kijani, na chini ya kichwa cha bolti kulikuwa na kutu juu ya rangi, na rangi juu ya kutu. Utepe mpya na kipande cha msasa vilipatikana kwa fedha ambazo hazingemnunua hata jogoo.

Je, yule fundi alikuwa mwizi? Mzee aliamini hivyo, na sikumlaumu. Mimi nadhani yawezekana hakuwa, na ndiyo sababu habari yake yanitisha zaidi kuliko wizi. Fundi wa namna ile hufundishwa na kazi yake mwenyewe, na kazi yake humfundisha uongo. Betri mpya iliyojaa ina nguvu ya kulazimisha umeme upite katika kiungo kibovu kwa siku kadhaa. Gari huwaka, mteja hulipa, na fundi hurudi nyumbani akiwa na ushahidi mwingine kwamba hakukosea. Tena liko jambo lililofichika zaidi. Haiwezekani kubadili betri bila ya kuvilegeza vibano viwili na kuvikaza upya, na fundi mwangalifu huvisugua pia. Basi katika tendo moja amebadili vitu viwili: betri, na viungo vyake. Gari likipona, sifa hupewa ile iliyolipiwa. Ni mara ngapi, katika nchi hii, msasa umefanya kazi na betri ikapokea shukrani? Hapana anayejua, kwa maana hapana aliyevirekebisha vibano kwanza, akajaribu gari, ndipo akanunua. Wanafunzi wangu huandika katika madaftari yao ya maabara kwamba jaribio halali hubadili kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Huandika kwa mwandiko mzuri, wakapata alama. Sijui ni wangapi watakaoyakumbuka hayo uani kwa mtu, ndama akiwa amefungwa kamba tayari kwenda.

Na betri iliyotolewa bila ya kosa hwenda wapi? Ndani yake mna risasi, madini mazito yenye sumu, na ina wanunuzi. Ikiyeyushwa bila ya uangalifu, risasi huingia katika hewa, udongo na maji, na watoto ndio huumia zaidi kwa sababu miili na akili zao zinakua. Wakenya hawana haja ya kuyatafuta hayo katika vitabu vya ng'ambo. Katika kijiji cha Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kilifanya kazi tangu mwaka 2007 mpaka 2014, na wakazi wakapata sumu ya risasi. Phyllis Omido, aliyepigania haki ya kijiji hicho, alipewa Tuzo ya Goldman mwaka 2015. Na mwaka 2020 mahakama ya mazingira ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Betri ikifa kifo chake, na itupwe kwa wenye idhini ya kuipokea. Lakini kuipeleka huko ikiwa hai, kwa kosa la bolti yenye kutu, ni hasara juu ya hasara.

Kijana atakayependa kuchunguza viungo vya gari la baba yake na aombe ruhusa kwanza, na kuna mambo ambayo sitaki ayapuuze. Gari liwe limezimwa, hendibreki imevutwa, gia imetolewa. Avue pete na saa ya chuma, kwa sababu spana au pete ikigusa nguzo chanya na bodi kwa pamoja huwa nyekundu kama kaa la moto. Asikaribishe sigara wala kiberiti, kwani betri hutoa hewa ya haidrojeni inayolipuka, na mlipuko wake hutawanya tindikali usoni. Waya wa nguzo hasi hufunguliwa wa kwanza na kurudishwa wa mwisho, kama nguzo hasi ndiyo iliyofungwa kwenye bodi. Maana bodi ikisha kutengwa na betri, spana iliyoteleza haiwezi tena kuleta cheche.

Halafu atumie mkono kabla ya spana. Ashike kibano na kujaribu kukizungusha juu ya nguzo. Kikizunguka, ugonjwa umepatikana, au mmoja wao. Kisichozunguka hakijafutiwa mashtaka, kwani ukoga mwembamba waweza kujificha kati ya risasi na risasi mahali jicho halifiki. Kifunguliwe, kisuguliwe ndani, na nguzo nayo isuguliwe mpaka ing'ae. Ule unga mweupe au wa kijani unaofura kama ukungu wa mkate ni kazi ya tindikali. Magadi, yale yale ambayo mama zetu hulainishia mahindi na maharagwe, na ambayo Ziwa Magadi la Kajiado limejaliwa kwa wingi, yakiyeyushwa katika maji ya moto huiua tindikali hiyo huku yakitoa povu. Ila yasiachwe yaingie ndani ya betri kupitia vifuniko. Kisha husuuzwa kwa maji safi, hukaushwa, hukazwa, na grisi kidogo hupakwa juu. Juu, nasema, baada ya kukaza. Si kama wanavyofanya wengine, wakaijaza grisi katikati kana kwamba wanapaka mkate siagi.

Kuna desturi moja ambayo siwezi kuinyamazia, nayo ni ya kupigilia msumari au kipande cha bati kati ya nguzo na kibano ili kibane. Asili yake yaeleweka. Betri nyingi za magari ya Japani zina nguzo nyembamba kuliko nyingine, na kibano kilichotengenezwa kwa nguzo nene hakizishiki. Lakini kibano kilichopigiliwa msumari hugusa nguzo mahali pawili patatu tu badala ya kuikumbatia pande zote, na msumari wa chuma hushika kutu upesi katika mvuke wa tindikali. Vipo vipete vya risasi vinavyouzwa kwa kazi hiyo hiyo, na kibano kipya cha kufaa si ghali. Nimewahi kuona msumari katika gari ambalo mwenyewe alikuwa amelinunulia redio mpya.

Mwenye kipimo cha volti aweza kwenda mbali zaidi bila ya kufungua kitu. Mtu mmoja ageuze ufunguo, mwingine aweke ncha moja ya kipimo juu ya nguzo yenyewe na ncha nyingine juu ya kibano chake. Vitu hivyo viwili vinagusana, hivyo kipimo chapaswa kusoma karibu na sifuri. Kikisoma volti nzima au mbili, basi umeme unaporwa hapo hapo mbele ya macho yako. Afanye vivyo hivyo kutoka nguzo hasi hadi chuma cha injini, na kutoka nguzo chanya hadi bolti ya stata. Kama njia zote mbili ni safi, na volti za betri yenyewe hushuka chini ya 9.6 stata inapodai, basi betri ni chovu kwa haki, au haijajazwa. Ikijazwa kwa chaja na bado ikashuka, inunuliwe mpya bila ya manung'uniko. Na ikiwa ufunguo ukigeuzwa hapasikiki chochote, wala mlio wa solenoidi, na taa hazishituki, uchunguzi huhamia kwenye waya mwembamba wa amri, fyuzi na swichi. Huo nao una viungo vyake, nao hulegea vile vile, lakini ni sura nyingine ya kitabu.

Nilimwomba mzee anipe ule utepe wake wa zamani pamoja na bolti zake, nao umekuwa kifaa cha maabara. Muhula uliopita niliwaambia walimu wanafunzi wauunganishe kati ya betri na taa ndogo ya wati 5. Taa iliwaka vizuri, na darasa zima likakubaliana kwamba utepe ni mzima. Nikawaambia waitoe taa ile, waweke mbili kubwa za mbele. Ziliwaka kwa rangi ya manjano, kama taa za kibanda kilicho mwisho wa laini. Msichana mmoja wa mwaka wa pili akaweka kipimo cha volti kati ya mwisho mmoja wa utepe na mwisho wa pili, akasoma volti 1.6, mwenziwe akasoma ampea 8. Wakagawanya ubaoni, wakapata omu 0.2. Msichana yule aliitazama namba ile kwa muda, akafuta chaki mikononi, akaniuliza kama twaweza kwenda kulipima basi la chuo kabla ya kengele. Tulikwenda wote. Dereva alikuwa ameketi ndani akinywa chai. Alipoona darasa zima limezunguka boneti yake aliteremka upesi, kikombe mkononi, akauliza ni nani aliyesema basi ni bovu.